Makasia Tuliyoyaacha Ijwi

Boti niliyofanyia kazi ilikuwa ya mbao, ndefu kama madarasa mawili, na iliingiza maji upande wa kulia, karibu na mkia. Nililijua tundu hilo kuliko mtu yeyote. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuyatoa maji hayo kwa bidoni, dumu la plastiki lililokatwa mdomo, ndipo niwashe makala, mkaa wa kupikia. Watu wa bandarini waliniita mama mupishi, ingawa sikuwa na mume wala mtoto. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike na mdogo wangu wa kiume, na hao walinitosha.

Baba yetu alifariki nikiwa darasa la sita. Mama alimfuata nilipokuwa mwaka wa pili wa sekondari, na juma lile lile nilirudisha vitabu shuleni. Hakuna aliyenilazimisha. Shangazi yetu, dada ya baba, aliishi kisiwani Ijwi na alikuwa tayari kutuchukua wote, lakini niliona kwamba tukienda huko hakuna hata mmoja wetu atakayerudi kusoma mjini. Nikabaki Majengo, mtaa wetu wa Goma, na wadogo zangu. Niliuza ndizi, nilifua nguo za watu, nilivunja mawe ya lava ya kujengea, mwishowe nikapata boti. Wakati ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mdogo wangu wa kike alikuwa finalisti, mwaka wa mwisho wa sekondari, na sketi yake ya buluu ndiyo nguo pekee nyumbani kwetu iliyopigwa pasi.

Tulikuwa saba chomboni: kapiteni, mekanisiye wake wa kutunza injini, mabaharia wanne na mimi. Tulitoka Goma, tukapita Ijwi, tukateremka vijiji vya upande wa magharibi wa ziwa, tukarudi. Siku tatu majini, siku moja nyumbani. Mbabula yangu, jiko la makala, ilisimama juu ya bati lenye mchanga, mbele kabisa, ili moshi usiwasumbue abiria. Lakini upepo wa ziwa hugeuka unavyotaka, na kila safari kulikuwa na mtu aliyenitukana kwa sababu ya macho yake. Nilipika bugali nikiwa nimekaa chini, sufuria nimeibana kwa nyayo zangu mbili nilizozifunga vitambaa, kwa sababu wimbi moja linatosha kumwaga chakula cha watu saba. Sambaza, dagaa wa ziwa letu, nilinunua kwa wavuvi waliotukaribia na mitumbwi yao asubuhi. Kulala tulilala kwa zamu juu ya magunia, na ukipata gunia la maharage ulishukuru, kwa sababu maharage hufuata mwili, tofauti na mihogo. Jambo moja hakuna aliyenifundisha, nililijifunza mwenyewe: mwanamke chomboni hanywi maji mengi. Wanaume walisimama ukingoni wakamaliza. Mimi nilingoja nchi kavu, au nilingoja wote watazame upande mwingine nami nikapata ndoo yangu nyuma ya shitingi.

Shitingi hiyo, turubai la plastiki lililoshonwa vipande vinne, ndiyo pia ilikuwa tanga letu. Tulikuwa na motere, injini ya nguvu za farasi arobaini, lakini upepo ukitoka nyuma kapiteni aliamuru shitingi ipandishwe kwenye mti wa mkaratusi uliosimama katikati, na boti ikaongeza mwendo. Alifanya hivyo kwa sababu ya mbio.

Inabidi nieleze mbio hizo. Ufukweni Ijwi, mahali tulipopakia mananasi ya soko la Goma, boti mbili zilipakia siku moja: yetu na nyingine iliyopakwa rangi ya kijani. Bandari ndogo tuliyoshushia Goma ina nafasi moja tu nzuri ya kuegesha, kando ya jiwe kubwa, ambapo ubao unafika nchi kavu na wabebaji wanashuka na mizigo miguu ikiwa mikavu. Boti ya kwanza kufunga kamba kwenye jiwe hilo ndiyo hushusha kwanza. Ya pili hungoja nyuma, au hushusha kwa watu wanaotembea majini hadi kifuani. Nanasi halingoji. Kwa hiyo wamama wenye mizigo walichagua boti inayoshinda, na kapiteni aliyeshindwa mara tatu mfululizo alianza kusafiri na boti tupu.

Kapiteni wetu nchi kavu alikuwa mtu mpole. Alitembea polepole, alisalimia hata watoto. Majini aligeuka mtu mwingine. Aliwapanga abiria kama mizigo: "Mama, hamia kushoto! Wewe papa munene, kuya huku katikati! Musisimame, munaharibu boti!" Upepo ukigeuka, watu thelathini waliinuka na vikapu vyao na watoto wao na kuhamia upande wa pili ili boti isilale. Wengine walinung'unika, lakini walihama. Wengi walipenda, nafikiri. Nami nilipenda. Tulipoipita boti ya kijani nilipiga mfuniko wa sufuria kama ngoma, na mabaharia wakacheza.

Mwaka ule vita vilikaribia mji. Milio ilisikika hata mchana, na shule ya mdogo wangu ikafunga milango kwa muda. Nikawavusha wadogo zangu wote wawili hadi Ijwi kwa shangazi. Mdogo wangu wa kike aliendelea kusoma huko kwa madaftari, chini ya paa la mabati la shangazi, lakini jina lake lilibaki Goma, na kituo chake cha mtihani kilikuwa Goma. Mtihani wenyewe ni ule wa Serikali, tunauita exetat. Siku nne mfululizo, Jumatatu hadi Alhamisi. Bila huo, miaka yote ya shule ni kama hukusoma.

Alinipigia simu siku ya Jumatano, akaniita Yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake. "Yaya, kuna bateau ya siku ya posho. Shangazi anasema nipande ile."

Bateau hiyo ya Jumamosi ilikuwa meli ya chuma, ya abiria, yenye viti. Ingemfikisha Goma Jumamosi jioni.

"Na nani atakupokea ku bandari?" nikamuuliza. "Mimi niko majini mpaka siku ya Mungu. Utatembea peke yako na begi mbele ya wale maaskari wote?"

"Nitaita taximan."

"Hapana. Nitapita Ijwi Jumapili asubuhi. Saa sita mchana tuko Goma. Utaoga, utakula, utalala. Nitakupeleka mimi mwenyewe ku kituo Jumatatu."

"Sawa, Yaya," akasema.

Jumapili saa kumi na moja alfajiri alikuwa tayari ufukweni, na begi la shule, na sketi yake ya buluu imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Nilimpa nafasi karibu yangu, mbele. Boti ya kijani ilikuwa mita hamsini kutoka kwetu nayo ikipakia. Mama mmoja wa Butembo, mfanyabiashara tuliyemzoea, alileta mananasi zaidi ya aliyoahidi, vikapu sita zaidi, na hakukuwa na nafasi.

Kapiteni alizunguka akitazama nini kitolewe. Akasimama mbele, mahali pangu, akatazama makasia. Tulikuwa na makasia manne marefu, mazito, yaliyolazwa ubavuni kutoka mbabula yangu hadi katikati ya boti. Tangu nianze kazi hatukuwahi kuyatumia ila kusukumia boti ufukweni.

"Mama mupishi, hii miti inakula nafasi ya vikapu sita," akasema. "Tuiache kwa mwenye nyumba ile. Tutaichukua safari ingine."

Mekanisiye alisikia. "Muzee, makasia?"

"Wewe uko na motere ao hauna?"

"Niko nayo."

"Basi."

Mabaharia walikuwa wanabeba mananasi. Makasia niliyashusha mimi. Niliyavuta moja moja, mdogo wangu akinisaidia upande wa pili, tukayalaza chini ya ukuta wa nyumba iliyokuwa ufukweni. Nilifanya haraka. Nilitaka tuondoke mapema, tuwe wepesi, tufike kabla ya boti ya kijani, ili mdogo wangu apate mchana mzima wa kupumzika. Tulicheka tukirudi, kwa sababu yeye alikanyaga tope na kiatu kikabaki humo.

Tuliondoka wa kwanza, dakika tano mbele ya wenzetu. Kapiteni alifungua motere yote. Kwa kawaida alikuwa anaifungua na kuipunguza, anaifungua na kuipunguza, lakini siku hiyo boti ya kijani ilikuwa na motere mpya na haikubaki nyuma sana. Kwa muda wa saa mbili na nusu hakuipunguza hata mara moja. Abiria walihamishwa kushoto, wakahamishwa kulia. Mdogo wangu alifungua daftari akasoma kwa sauti ya chini tarehe na majina. Siku ya kwanza ya mtihani ni culture générale, mambo ya historia, jiografia na uraia, na hilo ndilo lilikuwa somo lake zuri. Niliweka maji ya bugali motoni. Mlima wa Nyiragongo ulikuwa umeanza kuonekana mbele, na chini yake mabati ya Goma yakimeta.

Ndipo motere ikatoa sauti kama ya mtu anayekwaruza sufuria, ikanyamaza.

Mekanisiye aliondoa kifuniko. Moshi ukatoka. Alingoja, akamwagia maji, akavuta kamba ya kuwashia. Kamba haikuvutika hata kidogo. Alivuta akikaza miguu yote miwili, mwili wote ukilala nyuma. Akakaa chini.

"Imeshika," akasema.

"Imeshika namna gani?" kapiteni akauliza.

"Imeshika, muzee. Mu ndani. Imeungua."

"Utatengeneza."

"Nitaangalia," akasema mekanisiye, lakini nilimwona anavyofuta mikono, polepole sana, kidole kimoja kimoja.

Boti ya kijani ilitufikia dakika ishirini baadaye. Ilipunguza mwendo, ikaja ubavuni mwetu, karibu kiasi cha mtu kurukia.

"Kapiteni!" kapiteni wao akaita. "Munavua sambaza?"

"Tunapumuzisha motere," wetu akajibu.

"Eh! Na mananasi nayo inapumuzika?"

Watu wao wakacheka. Baharia mmoja akamwita yule mama wa Butembo: "Mama, ruka huku, ku boti ya wanaume!"

"Nenda kwanza ku nyumba uulize bibi yako kama uko mwanaume," mama akamjibu, na boti zote mbili zikalipuka kwa kicheko, hata watu wetu, hata mimi.

Kisha kapiteni wao akaacha kucheka. "Muzee, bila muchezo. Nikutupie kamba?"

Hapa msomaji asiyejua bandari yetu anaweza kushangaa. Boti inayoingia bandarini ikivutwa na nyingine huimbiwa. Wabebaji wote husimama juu ya mawe na kuiimbia kwamba ni mbuzi aliyepelekwa sokoni, na wimbo huo huifuata boti msimu mzima. Wamama huacha kupakia humo, wanasema mzigo utavutwa na balaa. Kapiteni wetu alikuwa ameshindwa mara mbili mwezi ule. Alitazama motere, akamtazama mekanisiye aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Kamba yako fungia mbuzi," akasema.

"Sawa, muzee. Ziwa ni yako."

Mdogo wangu alishika kitenge changu. "Yaya," akaninong'oneza, "niende na bale, ku boti ya kijani?"

Nafasi kati ya boti na boti ilikuwa hatua moja ndefu. Yeye hakujua kuogelea. Kwenye boti ile hakukuwa na mtu wa kwetu. Tena, kama dada wa mpishi angekuwa wa kwanza kuhama, abiria wote wangefuata, na kapiteni asingenisamehe, na kazi ile ndiyo iliyomfikisha mwaka wa mwisho. Niliyafikiria hayo yote kwa haraka. Liko na lingine, nalo ninaliandika kwa sababu ni la kweli: sikutaka afikishwe na mtu mwingine. Tangu mama aende, kila mahali alipofika nilimfikisha mimi.

"Kaa," nikamwambia. "Niko hapa. Motere itawaka sasa hivi."

Akakaa. Boti ya kijani ikaondoka, na mawimbi yake yakatutikisa kidogo, na baada ya hapo hakuna kilichotutikisa tena.

Ziwa lilikuwa limelala. Sijawahi kuliona tulivu kama mchana ule. Tulipandisha shitingi, ikaning'inia kama nguo iliyofuliwa. Mekanisiye alifungua motere vipande vipande juu ya gunia, akavitazama, akavipanga, akavifunga, akavuta kamba. Saa sita. Saa saba. Jua lilikuwa juu ya vichwa na hakukuwa na kivuli ila kile cha tanga, na katika kivuli hicho tuliwaweka watoto. Mananasi yalianza kunuka vizuri, kisha yakanuka vizuri kupita kiasi.

"Kama makasia ingekuwa hapa…" baharia mmoja akaanza.

Hakuna aliyemwacha amalize. Mimi nilisimama nikachukua mfuniko wa sufuria, nikainama ukingoni nikaanza kupiga maji. Wengine wakachukua beseni, vibao, sahani. Mama wa Butembo alikunja kitenge hadi magotini akapiga maji kwa karai. Watu kumi na tano kila upande. Boti ilizunguka. Ilizunguka yenyewe pale pale, mlima ukahama kutoka mbele kwenda kushoto, kisha ukarudi. Tulipochoka tukacheka kidogo, kisha hatukucheka.

"Kapiteni," mama wa Butembo akasema, "mimi nililipa kwenda Goma. Kuzunguka ningezunguka ku nyumba yangu."

Kapiteni alikuwa na simu mkononi. Alikuwa amempigia mwenye boti saa nne asubuhi na kumwambia kwamba kila kitu ni sawa, kuna tatizo dogo. Sasa ilikuwa saa tisa, akampigia tena na kumwambia ukweli. Nilisikia sauti ya mwenye boti ikitoka ndani ya simu kama ya nyuki. Kupata motere nyingine Jumapili ilikuwa kazi, na jioni hakuna boti inayoruhusiwa kutoka. Kesho asubuhi.

"Kesho saa ngapi?" nikamuuliza kapiteni. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza swali ambalo si la chakula.

"Asubuhi, mama mupishi."

"Dada yangu iko na exetat kesho."

Alinitazama, kisha akamtazama mdogo wangu aliyekaa na daftari juu ya magoti. Nafikiri hakuwa amejua. Aliondoa kofia, akaivaa tena.

Simu yangu ilikuwa na moto kidogo, yaani chaji. Tulikuwa tumesogea mashariki bila kujua, mtandao wa ng'ambo ya mpaka ulikuwa unaingia na kutoka, nasi tuliogopa pia jambo hilo, kwa sababu mpaka majini hauonekani na boti inayouvuka hushikwa. Nilimpigia perefe, mkuu wa shule ya mdogo wangu. Nilimweleza.

"Mama," perefe akasema, "mutoto afike mbele ya saa moja na nusu. Kiisha hapo mulango unafungwa, na ule mulango si wangu. Unasikia? Si wangu. Ingekuwa wangu ningemungojea."

"Nasikia, papa perefe."

"Musali."

Moto wa simu ukaisha.

Mdogo wangu hakuuliza perefe alisema nini. Aliendelea kusoma. Abiria walianza kumuuliza maswali kutoka daftari lake, kwa upole, kama wanavyomlisha mgonjwa. Papa mmoja, mzee aliyefundisha zamani, alimuuliza kuhusu mito, kuhusu majimbo, kuhusu miaka. Alijibu yote. Kila alipojibu watu walipiga makofi, na kila walipopiga makofi nilitamani wanyamaze.

Baadaye, tukila, akaniuliza: "Yaya, wewe ungefika siziyeme kama mimi, ungefanya option gani ya masomo?"

"Sijui."

"Haukufikiria?"

"Nilifikiria ualimu," nikasema.

Akatikisa kichwa, akanipa nusu ya sambaza wake.

Jioni upepo ulikuja. Sote tulisimama kwa furaha, mpaka tulipoelewa. Ulitoka milimani, kutoka Goma yenyewe, na ulitusukuma kurudi tulikotoka. Tulishusha tanga haraka, lakini boti yetu ilikuwa na mzigo mrefu wa vikapu na mzigo wenyewe ulishika upepo kama tanga. Taa za mji zikawashwa, zikapungua ukubwa. Usiku huo sina mengi ya kuusimulia. Kulikuwa na baridi, watoto walilia, nilitoa maji. Maji angalau niliweza kuyatoa.

Saa kumi na mbili asubuhi mdogo wangu alichukua mfuko wake wa plastiki akaenda nyuma ya shitingi. Nilifikiri anataka ndoo. Alitoka amevaa shati jeupe na sketi ya buluu, uso ameuosha kwa maji ya ziwa, nywele amezifunga. Alikaa juu ya kikapu cha mananasi, mikono magotini, kadi yake ya mwanafunzi shingoni. Pande zote yalikuwa maji. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini. Mama wa Butembo alitoa kanga safi kwenye mzigo wake akamtandikia, asichafuke.

Saa moja. Saa moja na robo. Papa aliyefundisha zamani alikuwa na saa ya mkono, na watu walikuwa wanaitazama saa hiyo bila kumtazama yeye. Ilipofika saa moja na nusu alishusha mkono wa shati lake akaifunika.

Kapiteni alitoka nyuma, akapita katikati ya abiria mpaka mbele. Alichuchumaa mbele ya mdogo wangu, mtu mzima mwenye mvi.

"Mwanangu," akasema, "unisamehe. Ni mimi nilikataa kamba."

"Si wewe, kapiteni," mdogo wangu akasema.

Alisema kwa adabu, bila hasira. Hakunitazama. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake na bidoni yangu mkononi, nikainama nikaendelea kutoa maji ingawa yalikuwa yamekwisha.

Boti ndogo ya kutuvuta ilifika saa nne. Tuliingia bandarini saa saba na nusu, tukivutwa, na wabebaji walisimama juu ya mawe wakatuimbia wimbo wa mbuzi. Walifurahi sana. Hawakujua. Mdogo wangu alishuka kwenye ubao na sare yake, akapita katikati ya wimbo huo, nami nyuma yake na begi. Tulipanda moto mmoja, pikipiki ya abiria, sote wawili hadi kituo. Tulikuta wanafunzi wametoka, wamesimama barabarani wakilinganisha majibu yao. Mmoja alimwona akamkimbilia: "Ulikuwa wapi? Ilikuwa nyepesi!" Kisha akaona uso wake akamshika mkono.

Perefe alikuwa hapo bado. Alisema siku ya kwanza imekwenda, hakuna wa kuirudisha, lakini milango ya siku tatu zilizobaki iko wazi. Pointi zingehesabiwa zote pamoja, na sifuri ya siku moja ni sifuri.

"Nitafanya," mdogo wangu akasema.

Alifanya siku zote tatu. Nilimsindikiza kila asubuhi kupitia Majengo, juu ya yale mawe ya lava, na kila asubuhi nilisimama nje ya ukuta mpaka atoke, ingawa aliniambia nirudi nyumbani. Nilitumia siku zangu za boti kwa hilo na kapiteni hakusema neno. Matokeo yalikuja kwa simu. Alikosa pointi chache za kufaulu. Alinionyesha skrini, akasubiri nimalize kusoma, akaichukua simu yake akaenda kuchota maji.

Mwaka huu anarudia. Amejiandikisha mwenyewe, na amebaki Goma. Mdogo wetu wa kiume bado yuko kisiwani. Juma lililopita milio ilianza tena upande wa kaskazini, mfululizo, madirisha yakitetemeka. Nilimwambia avuke, akae kwa shangazi mpaka mambo yatulie. Nilimwambia kuna meli ya Jumamosi, yenye viti, na nitamlipia, hahitaji kupanda boti yangu.

"Sivuki, Yaya," akasema. "Mpaka nimalize."

"Na kama wakiingia mu mji?"

"Nitakuwa karibu na kituo."

Ningeweza kumlazimisha. Nimemlazimisha mambo mengi tangu awe mtoto, na mengi yalikuwa mazuri. Nilisimama mlangoni nikitafuta sauti ile niliyokuwa naitumia, ile ya kusema kaa, niko hapa, na sikuipata. Mtihani umebaki majuma matatu. Sijui ni lipi nitakalojuta zaidi, kumwacha au kumwondoa, na nimeacha kujifanya najua.

Leo alfajiri nilimwachia unga wa siku tatu na makala, nikashuka bandarini. Alikuwa ameketi mezani na madaftari. Hakuniomba nisiende, nami sikumwomba aje.